Dawa ya ngozi iliyochokoza utumbo: kisa cha secukinumab na seli T

Mwaka 2012 jarida la Gut lilitoa matokeo ya jaribio la dawa lililohusu wagonjwa 59 tu wa ugonjwa wa Crohn, unaovimbisha utumbo na kuutia vidonda. Wagonjwa 39 walitundikiwa dripu ya secukinumab, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, mara mbili. Wengine 20 walitundikiwa dripu ya plasebo, yaani isiyo na dawa. Swali lilikuwa moja: ikifika wiki ya 6, waliopata dawa watakuwa na nafuu kuwazidi wenzao?

Hawakuwa nayo. Na kama ingekuwa ni kushindwa kwa kawaida, kisa hiki kisingekuwa na la kusimulia, maana dawa za Crohn zilizoshindwa ni nyingi. Hapa matokeo yaliegemea upande wa pili kabisa: waliopewa plasebo ndio waliokuwa na hali afadhali. Jaribio likasitishwa kabla ya muda wake.

Secukinumab si dawa dhaifu. Ni kingamwili iliyotengenezwa na kampuni ya Novartis, inayonasa protini moja tu, intaleukini-17A (IL-17A kwa kifupi), na kwa wagonjwa wa soriasisi ilikuwa ikisafisha mabaka ya ngozi vizuri sana. Protini hiyo hutolewa kwa wingi na aina fulani ya seli T, yaani chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga ya mwili. Na ukichukua kinyama kidogo kutoka kwenye utumbo wa mgonjwa wa Crohn ukakipima, unakuta protini hiyo hiyo imejaa. Kwa hesabu ya mezani, dawa ilipaswa kufanya kazi. Mimi naona kosa lilikuwa kwenye hesabu hiyo, na ndiyo ninayotaka kuifuata hatua kwa hatua.

Ugonjwa, na jinsi unavyopimwa

Ugonjwa wa Crohn ulielezwa mwaka 1932 na madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai, New York: Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, wakiwa na wagonjwa 14. Ni mmoja wa magonjwa mawili makubwa ya mcharuko wa utumbo, yaani uvimbe na uwekundu unaoletwa na kinga ya mwili. Mwenzake ni kolitisi ya vidonda, ambayo hukaa kwenye utumbo mpana na kula utando wa ndani tu, kuanzia puruni kwenda juu. Crohn haina adabu hiyo. Inaweza kuzuka popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba, na hupenya unene wote wa ukuta. Ndiyo maana wagonjwa wake hupata utumbo uliobana kwa makovu, au fistula zinazotoboa kutoka utumbo mmoja hadi mwingine, au hadi kwenye ngozi.

Nafuu ya Crohn hupimwa kwa alama, na inafaa kuziangalia kwa karibu kwa sababu ndizo zilizotoa hukumu. Mgonjwa huandika kwenye daftari kwa siku 7: leo nimeharisha mara ngapi, tumbo limeuma kiasi gani, kwa ujumla najisikiaje. Daktari anaongeza yake: kama viungo vinauma, kama kuna uvimbe unaoshikika tumboni, kama mgonjwa anatumia dawa za kuzuia kuharisha, wingi wa chembe nyekundu za damu, na uzito. Kila kitu kinazidishwa kwa kiwango chake na kujumlishwa. Chini ya 150 mgonjwa ametulia. Walioingizwa kwenye jaribio walikuwa na ugonjwa wa kati hadi mkali. Ni kipimo cha miaka ya 1970, na kina kasoro iliyo wazi: nusu yake ni maneno ya mgonjwa, na tumbo linaweza kuuma kwa sababu nyingine kabisa.

Kwenye jaribio hili tofauti ilikuwa takriban alama 34, kwa faida ya plasebo. Kwa wagonjwa wachache hivi, tofauti hiyo peke yake ingeweza kuwa bahati mbaya. Lakini watafiti walipiga hesabu ya pili: kuna uwezekano gani kwamba dawa hii inashusha alama kwa 50 au zaidi kuliko plasebo? Jibu lilikuwa chini ya asilimia 0.1. Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Kisha kulikuwa na jambo dogo ambalo naona lilistahili nafasi kubwa kuliko lililopewa: kati ya waliotumia dawa kulitokea maambukizi 20, manne yakiwa ya fangasi, ilhali kwenye kundi la plasebo hakukuwa na hata moja. Tutayarudia hayo ya fangasi.

Seli T ziko pale kufanya nini?

Utumbo umejaa seli T kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili, na sababu yake inaeleweka. Upande mmoja kuna matrilioni ya bakteria. Upande wa pili kuna damu. Katikati kuna safu moja tu ya seli pamoja na ute unaoifunika. Seli T zinazokaa chini ya safu hiyo zina kazi mbili zinazokinzana: kuwazuia wavamizi, na kuwavumilia wakazi. Zikilegea, bakteria wanapenya. Zikizidisha, utumbo unachubuka kila siku kwa sababu ya chakula na wakazi wasio na hatia.

Mara nyingi husemwa kwamba katika magonjwa haya kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Maneno hayo yanapotosha. Seli T zilizochunguzwa kwa wagonjwa wa Crohn mara nyingi hulenga protini za bakteria wa utumboni, mfano ile inayounda mkia wa kuogelea wa bakteria. Utumbo unaumia kwa kuwa vita inapiganwa ndani yake.

Ushahidi ulioweka seli T katikati ya ugonjwa ulikuja mwaka 1993, kutoka makundi mawili ya watafiti kwa wakati mmoja. Mmoja wao alikuwa Fiona Powrie, wakati huo akiwa kwenye taasisi ya DNAX huko California. Walichukua panya wasio na limfosaiti zao wenyewe (chembe za kinga, seli T zikiwemo), wakawapa seli T changa kutoka kwa panya wazima, zile ambazo hazijawahi kukutana na adui. Baada ya majuma kadhaa panya wale walikonda, wakaharisha, utumbo mpana ukavimba. Walioongezewa kundi jingine la seli T, zilizokomaa, hawakuugua. Yaani ndani ya tone moja la damu kulikuwa na seli T zinazoleta ugonjwa na seli T zinazouzuia. Hizo za pili leo tunaziita seli T dhibiti, na kazi ya kuzitambua ndiyo iliyowapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025. Mtu akisema "seli T ndizo zinazosababisha Crohn", anasema nusu ya habari.

Nyuzi mbili zilizofumwa pamoja

Basi swali likawa: seli T zipi, na zinatumia silaha gani?

Miaka ya 1990 jibu lilionekana limepatikana. Seli T saidizi ziligawanywa makundi mawili tangu mwaka 1986, na Crohn ikawekwa chini ya kundi la kwanza, lile linaloamshwa na IL-12, mojawapo ya saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli za kinga hutumia kupeana ishara. Mwaka 1995 Markus Neurath na wenzake walifunga IL-12 kwa panya wenye kolitisi, panya wakapona. Mwaka 2004 kingamwili ya namna hiyo ikaonyesha dalili njema kwa wagonjwa wa Crohn. Kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa.

Ila kulikuwa na hila ndani yake. IL-12 imeundwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa, na kingamwili zilikuwa zinashika kipande kimoja, p40. Mwaka 2000 watafiti wa DNAX waligundua kwamba p40 ina mchumba wa pili: ikiungana na kipande kingine, p19, inakuwa saitokini tofauti kabisa, IL-23. Kwa hiyo kwa miaka yote ile kila aliyedhani anafunga IL-12 alikuwa anafunga mbili kwa mpigo bila kujua. Majaribio yakarudiwa, safari hii wakitenganisha moja na nyingine, na ikaonekana wazi kwamba kwenye utumbo wa panya mchochezi mkuu ni IL-23.

Mwaka 2005 likaelezwa kundi la tatu la seli T saidizi, Th17, linalotoa IL-17 na kuimarishwa na IL-23. Mwaka 2006 ushahidi ukatoka kwa binadamu: uchunguzi wa jeni za wagonjwa wa Crohn huko Amerika Kaskazini ulikuta kwamba watu wenye badiliko moja dogo kwenye jeni la kipokezi cha IL-23 wana kinga fulani dhidi ya ugonjwa huo. Hakuna aliyeibuni habari hiyo maabara. Ilikuwa imeandikwa kwenye damu ya watu.

Sasa angalia jinsi hoja ilivyojijenga. IL-23 ina hatia. IL-23 huimarisha Th17. Th17 hutoa IL-17. IL-17 imejaa kwenye utumbo unaoumwa. Basi tufunge IL-17. Kila kiungo cha mnyororo huu ni kweli, na hata hivyo mwisho wake si kweli. Viungo vinne vya kwanza vinazungumzia kinachotokea; cha tano kinazungumzia kinacholeta madhara, na hakuna aliyekuwa amelithibitisha hilo kwenye utumbo wa mtu. Ukikuta mafundi wamejaa kwenye ukuta uliobomoka, huwezi kuwakamata kwa kosa la kuubomoa.

Tahadhari zilikuwepo. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walifunga IL-17 kwa panya waliochubuliwa utumbo kwa kemikali, na panya wakazidiwa. Mwaka 2009 maabara ya Richard Flavell huko Yale ilirudia njia ile ya Powrie kwa seli T zisizoweza kutoa IL-17A: panya waliozipokea waliugua vibaya zaidi, si kidogo. Lakini sitawabebesha waliopanga jaribio lawama yote. Mwaka 2006, kwa kemikali nyingine, panya wasio na kipokezi cha IL-17 walionekana kulindwa. Panya walikuwa wanatoa majibu mawili, na ngozi ya binadamu ilikuwa inatoa jibu moja zuri mno. Binadamu yeyote angesikiliza ngozi.

Kilichofanya matokeo yaaminike

Jaribio moja la watu 59 lingeweza kutupwa kapuni. Kilichoiokoa hoja ni jaribio la pili, la dawa tofauti. Brodalumab haigusi IL-17 yenyewe. Inaziba kipokezi chake. Kampuni nyingine, wagonjwa wengine, 130 safari hii. Nalo likasitishwa mapema kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wakizidiwa kuliko wale wa plasebo. Njia mbili tofauti za kuzima ishara moja zilipofika mahali pamoja, ilibidi kukubali kwamba ishara yenyewe inahitajika.

Inahitajika kwa kazi gani? Mwaka 2015 jarida la Immunity lilichapisha tafiti mbili zilizojibu. Moja, iliyotoka kwenye kundi la Daniel Cua, ilionyesha kwamba utumbo wa panya ukijeruhiwa, IL-17 hufika haraka na kuzifanya seli za ukuta zipange upya protini inayozibana pamoja ili pasipenye kitu. Bila IL-17 nafasi zinabaki wazi, ukuta unavuja, bakteria wanaingia, mcharuko unakolea. Na lililo muhimu zaidi: sehemu kubwa ya IL-17 hiyo ya ulinzi haikutegemea IL-23 hata kidogo. Ilitolewa na seli T za aina nyingine, zile za gamma-delta, ambazo huishi karibu na ukuta na hazisubiri kuamriwa kwa mlolongo mrefu.

Hapo ndipo fangasi wanaporudi. Watu wachache wanaozaliwa na hitilafu kwenye kipokezi cha IL-17 husumbuliwa na kandida ya mdomoni, ngozini na kwenye kucha tangu utotoni. Jambo hilo lilielezwa mwaka 2011. IL-17 husaidia sana kuwadhibiti fangasi hao kwenye ngozi na kwenye nyuso zenye unyevu kama mdomo. Ukiizima kwa mgonjwa ambaye ukuta wa utumbo wake tayari una vidonda, umemwondolea ufundi na ulinzi kwa pamoja. Maambukizi yale manne ya fangasi yalikuwa yanasema hivyo mapema. Hata ndani ya jaribio, waliozidiwa zaidi walikuwa wale walioanza na dalili kubwa za mcharuko kwenye damu na kwenye choo, yaani wenye ukuta uliochakaa zaidi.

Na IL-23 je, inaumiza vipi ikiwa si kwa IL-17? Inazisukuma seli T zitoe saitokini nyingine kali, zikiwemo interferoni gamma na GM-CSF, na pia inazidhoofisha seli T dhibiti. Hilo la pili kundi la Powrie lililionyesha kwa panya mwaka 2008. Tena Th17 hazikai na tabia moja. Zikikaa kwenye IL-23 kwa muda mrefu baadhi hubadilika, zikaanza kutoa interferoni gamma kama seli za kundi jingine. Seli ile ile iliyokuwa ikilinda ukuta mwezi uliopita inaweza kuwa ndiyo inayouharibu mwezi huu. Kuiita seli kwa jina la saitokini moja, kama tulivyozoea, kunaficha hilo.

Ningeongeza kwamba hata kupunguza makali ya seli T zote kwa jumla si jibu. Abatacept, dawa inayozizuia seli T zisiamshwe na inayosaidia wagonjwa wa baridi yabisi, ilijaribiwa kwa Crohn na kolitisi ya vidonda. Matokeo ya mwaka 2012 yakaonyesha haikuzidi plasebo. Kinyume chake kipo pia: wagonjwa wa saratani wanaopewa ipilimumab, inayoondoa breki kwenye seli T, mara kadhaa hupata kolitisi kali. Utumbo hauvumilii mtu kushika seli T bila kuchagua.

Kilichofuata

Kilichofaulu ni kupanda ngazi moja juu. Ustekinumab, inayoshika p40 na hivyo kuzima IL-12 na IL-23 pamoja, iliidhinishwa kwa Crohn nchini Marekani mwaka 2016. Risankizumab, inayoshika p19 peke yake na kuiacha IL-12, ikafuata mwaka 2022, na guselkumab mwaka 2025. Njia nyingine, vedolizumab ya mwaka 2014, haigusi saitokini yoyote: inaziba kishikio ambacho seli T hutumia kutoka kwenye damu na kuingia utumboni, kwa hiyo zinabaki zikizunguka bila kushuka. Inafanya kazi polepole, lakini inafanya.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la kuongeza. Mwisho wa utumbo mwembamba, pale Crohn inapopenda, ndipo kifua kikuu cha utumbo nacho kinapopenda. Kuharisha, kukonda, homa, vidonda, hata vinundu vinavyoonekana kwa darubini, vyote vinafanana. Daktari wa hapa anayekisia kifua kikuu kwanza yuko sahihi. Maana kukiita kifua kikuu Crohn ni kosa lenye gharama kubwa, kwa sababu vinundu vya kifua kikuu vinashikiliwa na seli T zenyewe pamoja na TNF, saitokini nyingine ya mcharuko, na infliximab na ndugu zake, ambazo zimetumika kwa Crohn tangu 1998, huondoa TNF na zinaweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala. Dawa za IL-23 na vedolizumab zina hatari ndogo zaidi kwa hilo. Bei yake ni habari nyingine, na kwa wagonjwa wengi ndiyo inayoamua.

Secukinumab yenyewe haikufa. Iliidhinishwa kwa soriasisi mwaka 2015, ikafuata ugonjwa wa uti wa mgongo unaokakamaa, na leo watu wengi duniani wanaitumia bila shida ya tumbo. Wachache huibukiwa na Crohn au kolitisi wakiwa juu yake, ndiyo maana maelekezo yake yana onyo. Daktari wa ngozi makini, kabla ya kuiandika, huuliza maswali ambayo zamani hayakuwa yake: unaharisha kwa muda mrefu? Umewahi kuona damu kwenye choo? Kuna ndugu mwenye ugonjwa wa utumbo? Na mgonjwa akija na vyote viwili, mabaka mgongoni na Crohn tumboni, kwa kawaida anapewa kizuizi cha IL-23, ambacho kinatuliza ngozi na utumbo pia, na IL-17 inaachwa iendelee na kazi yake.